Ili Mwili Usizoee

Yasinta alikuwa na utaratibu wake wa dawa, na aliujivunia kuliko hata mkono wake wa kushona. Mtoto akianza kukohoa, alipewa ile ya pinki. Akikohoa tena baada ya wiki kadhaa, alipewa nyeupe. Safari ya tatu ilikuwa zamu ya vidonge vya rangi mbili, ambavyo Yasinta alivifungua kwa kucha, akamwaga unga wake kwenye uji wa ulezi na kukoroga mpaka uchungu ukafichwa na sukari. Baada ya hapo zamu ilirudi kwa pinki. Ukimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, alikutazama kwa huruma, kama fundi anavyomtazama mtu aliyevaa shati ndani nje, akakwambia, "Ili mwili usizoee."

Hilo la mwili kuzoea dawa hakulitunga yeye. Mkonze nzima, huku pembeni mwa Dodoma, inalijua, na ukienda mjini utalikuta limekutangulia. Kila mtu ana shangazi aliyemeza dawa moja mpaka ikageuka maji tu ndani yake. Kwa hiyo mama mwenye akili hangoji mwili uzoee, anaubadilishia mapema. Wapo wanaowapa watoto dawa ovyo ovyo, na Yasinta aliwasema mchana kutwa huku akikanyaga cherehani. Yeye hakuwa wa ovyo. Yeye alipanga, na mtu anayekosea kwa mpango ni mgumu sana kumwambia kitu.

Waliishi kwenye nyumba ya kupanga, vyumba vimetazamana, ua katikati, na ua ule ulikuwa na desturi yake. Dawa ya maji ya mtoto haikumalizwa. Mtoto akishachangamka na kuanza kukimbia, nani tena amkamate, ambane pua na kummiminia kijiko? Chupa ilifungwa vizuri, ikashindiliwa kwenye beseni la mchanga mbichi chini ya meza ya Yasinta, mahali ambapo hata joto la Novemba halikufika, ikamngoja mtoto mwingine. Ukisikia chafya chumba cha pili, ujue muda si mrefu mama mtu atabisha hodi: "Mama Loisi, ipo ile ya zamu?" Naye Yasinta aliinuka, akaitikisa chupa, akaichungulia kwenye mwanga na kumimina kwa kukadiria, kwa jicho la mtu aliyezoea kupima vitambaa. Walimwita daktari wa ua. Jina hilo alilikataa kwa mdomo tu.

Na watoto walipona. Hapo ndipo ulipokuwa mtego wote. Mtoto aliletwa na kamasi za njano na macho yamelegea, akapewa kijiko leo, kijiko kesho, na keshokutwa yuko bombani anagombania ndoo na wenzake. Ungekuwa wewe usingeamini?

Loisi mwenyewe, aliyempa Yasinta jina la mama, alipatikana kwa taabu. Mimba mbili zilitoka kabla yake, na ndugu wa mumewe kule Bahi walikuwa wameanza maswali ya pembeni. Mume, Ludovick, aliendesha boza, lori la kubebea maji, kwenye ujenzi wa uwanja wa ndege wa Msalato na kurudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini mtoto alipozaliwa alisimama katikati ya ua akawapigia makofi wapangaji wote, kana kwamba wao ndio waliojifungua. Sasa mtoto aliyesubiriwa hivyo akikohoa, hukai ukatazama. Unafanya kitu, na kitu chenyewe kipo kwenye mchanga chini ya meza.

Ikaja Julai na upepo wake. Asubuhi sweta, mchana jua kali, na kutwa nzima vumbi jekundu linatoka barabarani linaingia mpaka kwenye sufuria ya mboga. Ua mzima ulikohoa. Loisi, aliyekuwa ametimiza miaka miwili, naye akaanza, kamasi kwanza nyepesi, kisha njano, na Yasinta akachukua pinki maana ilikuwa zamu yake. Pinki haikufanya kitu. Akaruka kwenda nyeupe. Nyeupe nayo ikashindwa. Hapo akafungua rangi mbili, na mtoto akautapika uji wote kwenye kanga.

Aliyeona kwanza ni Bi Mwanasha wa chumba cha mwisho, mjane wa Kondoa aliyeuza vitumbua asubuhi na kulala mchana. Alikuwa anapita na ndoo yake, akasimama.

"Mwanangu Yasinta, hebu mfunue huyo mtoto kifua."

Yasinta alimfunua. Kila Loisi alipovuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilibonyea ndani, na matundu ya pua yakatanuka.

"Huyo hakohoi tena," Bi Mwanasha alisema, akiweka ndoo chini. "Huyo anatafuta hewa. Chukua kanga twende."

Walipanda bajaji. Njia nzima Bi Mwanasha alisoma dua na Yasinta alisali Salamu Maria, kila mmoja kwa dini yake, wote wawili macho kwa mtoto yule yule mmoja.

Hospitalini walimwekea mpira wa oksijeni puani na kumfunga dripu mkononi. Daktari wa wodi aliitwa Ritha, mwanamke kijana, mdogo wa umbo, sauti imekauka kwa kusema kutwa. Alisema ni nimonia, na dawa ya mshipa ameshaianza. Siku ikapita, na nyingine, homa iko pale pale. Akabadilisha dawa. Homa haikushuka. Picha ya kifua ilionyesha upande mmoja umejaa, basi daktari akaingiza sindano kati ya mbavu na kuvuta usaha. Ludovick, mtu anayegeuza boza lililojaa kwenye njia ya mchanga huku anapiga mluzi, alitoka nje akashika ukuta.

"Huu tunaupeleka maabara ukaoteshwe," Daktari Ritha alisema.

Yasinta alishangaa. "Kwani ugonjwa unapandwa, daktari?"

"Unapandwa, mama. Tunawawekea wadudu chakula wanachokipenda, tunawaacha waote, halafu tunawatupia dawa moja moja tuone ipi wanaiogopa."

Hapo Yasinta aliona nafasi ya kusaidia. Alikaa vizuri kwenye kiti, akaeleza utaratibu wake wote kuanzia pinki hadi rangi mbili, asiache kitu, kwa sauti ya mtu anayekabidhi kazi nzuri kwa mwenzake wa fani moja. Daktari Ritha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kukaa. Sijamzoesha hata moja."

"Na chupa mlikuwa mnamaliza?"

"Akishapona namalizaje, daktari? Tunawawekea wengine."

Angefoka, ingekuwa afadhali. Hakufoka. Alijipangusa uso kwa kiganja, akasema taratibu, "Mama Loisi, mwili wa binadamu hauzoei antibayotiki. Wanaozoea ni wale wadudu."

Yasinta alikasirika. Tuseme ukweli, alikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Msichana ambaye pengine hata mimba hajawahi kubeba, anamtafutia kosa mbele ya mtoto anayehangaika. "Basi mbadilishieni tena," alisema. "Hiyo mnayompa mwili wake umeshaizoea. Mbadilishieni!"

"Nimeshabadilisha kwa kubahatisha," daktari alisema. "Sitaki kubahatisha na huyu. Tungoje maabara."

Ludovick alimshika mkewe bega. "Mwache afanye kazi yake, Mama Loisi."

Wakangoja. Yasinta aliogopa kwamba Loisi atakufa. Neno lenyewe hakulitamka, wala kwa mumewe, lakini lilimjia kila pumzi ilipochelewa kidogo. Mpira ulikuwa unanong'ona puani, kifua kinapanda, kinashuka, kinasita, kinapanda. Bi Mwanasha alikuja na chupa ya uji ambao hakuna aliyeunywa, akakaa chini karibu na kitanda mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha.

Siku ya majibu Daktari Ritha alikuja mikono mitupu.

"Njoo uone mwenyewe," alimwambia Yasinta. "Nikikusimulia hutaniamini, na ningekuwa wewe nisingeamini pia."

Walipita korido ndefu inayonuka dawa ya kudekia mpaka kwenye dirisha la kupokelea sampuli. Kuingia ndani hakuruhusiwa. Nyuma ya kioo alisimama mtaalamu wa maabara, Wambura, mtu wa Mara, mrefu, mwenye sauti nzito na glavu mikononi. Alisalimia, kisha akainua kitu kuelekea kwenye mwanga.

Kilikuwa kisahani cha plastiki chenye mfuniko, cha mviringo, hakizidi kiganja. Ndani yake kulikuwa na kitu chekundu kilichoganda kama jeli, na juu ya wekundu huo umetanda ukungu mwembamba wa kijivu, laini, umeenea kila mahali. Juu ya ukungu vimekaa vikaratasi vya duara, vidogo, vyeupe. Yasinta aliviona kama vifungo vya shati la mtoto.

"Huu ukungu ndio wao," Wambura alisema kupitia tundu la kioo. "Wametoka kwenye kifua cha mwanao. Juzi hapa hapakuwa na kitu."

"Hawa wote?"

"Mama, Watanzania wote ukiwaweka pamoja hawafikii hesabu ya hawa walio hapa."

Yasinta alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Alikuwa ametegemea kuona kitu cha kutisha, chenye miguu labda. Kumbe ni utando tu, mzuri hata, ungeweza kuudhani ni umande. Na umande huo ndio uliomfanya mwanawe avute hewa kwa mbavu.

"Kila kikaratasi kimelowekwa dawa yake," Daktari Ritha alisema. "Dawa ikiwashinda, hawaoti karibu nayo. Inabaki nafasi safi, duara. Dawa isipowashinda..."

"Pinki ni ipi?"

Wambura, aliyekwisha kuelezwa na daktari habari ya zamu, aliweka ncha ya kidole chini ya kimojawapo. Ukungu ulikuwa umeota mpaka kwenye ukingo wa kikaratasi, umekikumbatia pande zote kama nyasi zinavyolizunguka jiwe. Hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha uzi.

"Nyeupe?"

Kidole kikahama. Vile vile.

"Rangi mbili?"

Hicho kilikuwa kimemezwa, unakiona kwa shida chini ya utando.

Yasinta alitazama, na alichokuwa anakitafuta, bila kujua, ulikuwa mwili. Alikuwa amekuja na ugomvi wake mdomoni tayari, kwamba mwili wa mtoto umezoea dawa, na sasa mbele yake palikuwa na kila kitu isipokuwa mwili. Loisi yuko wodini amelala. Hapa ni kisahani, wadudu, na dawa zake yeye alizozipanga kwa zamu, na wadudu wanaota juu yake kama vile hazipo. Hapakuwa na tumbo la mtoto wala damu ya mtoto. Mwili wa kuzoea haukuwepo, na mazoea yalikuwepo.

"Kwa hiyo ni wao," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia mbali.

"Ni wao," daktari alijibu. "Ulipompa pinki kidogo, wale dhaifu walikufa. Wakali wakabaki, wakazaa wakali wenzao. Ukaja na nyeupe, ukawachuja tena."

"Halafu rangi mbili."

"Halafu rangi mbili."

"Niliwasomesha," Yasinta alisema. "Kwa zamu."

Daktari Ritha hakulikubali neno hilo wala kulikataa. "Wengine hupatikana kwa watoto wengine," alisema. "Wanapita kwenye chafya, kwenye mikono. Hatuwezi kusema ni wewe peke yako." Alidhani anamfariji. Yasinta akakumbuka ua mzima ukibisha hodi, vijiko vyote alivyovimimina kwa kukadiria, na watoto wote waliovilamba.

Ungedhani alilia. Hakulia, siyo hapo. Kilichomjia, na baadaye aliona haya hata kumsimulia mumewe, kilikuwa mshangao mkubwa tu, wa kukata pumzi. Viumbe visivyo na macho wala masikio, visivyoonekana mpaka vikusanyike taifa zima, vilikuwa vimekaa puani mwa mwanawe vikijifunza. Yeye anapanga, navyo vinapanga. Amewashonea sare wanafunzi wa shule zote za jirani, wavivu kwa hodari, hajawahi kukutana na wanafunzi wa namna hii. Akajiona mdogo mbele ya kisahani kisichozidi kiganja.

"Geuza huku," daktari alimwambia Wambura.

Kisahani kikazungushwa. Upande wa pili, karibu na ukingo, kulikuwa na kikaratasi kimoja kilichokaa peke yake katikati ya uwanja safi, wekundu mtupu unaong'aa. Duara lake lilikuwa limekatwa sawasawa kuliko ambavyo mkasi wowote wa Yasinta ungelikata. Ukungu wote ule, taifa lote lile, lilikuwa limesimama mbali na kikaratasi hicho na halikuthubutu kuvuka.

Yasinta alipiga ishara ya msalaba.

"Hiyo bado wanaiogopa," Daktari Ritha alisema. "Ipo hapa hospitalini. Namwanzishia sasa hivi."

"Na hiyo wakiizoea?"

Daktari alikuwa ameshageuka. "Ndiyo maana tunaificha," alisema, akaanza kutembea haraka kurudi wodini, na Yasinta akamfuata nusu anakimbia.

Dawa iliyoogopwa ilifanya kazi yake bila kelele. Homa ilianza kushuka kesho yake. Mbavu zikaacha kubonyea. Usaha uliobaki ukatolewa, mpira wa oksijeni ukaondolewa, na asubuhi moja Loisi aliwafukuza wauguzi kwa kulia kwa sauti kubwa, nene, ya mtu mwenye mapafu mawili mazima. Ludovick alicheka mpaka mama wa kitanda cha pili akageuka kumtazama. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote alizowahi kuzisikia, alisema, na kwa Ludovick hiyo ilikuwa hotuba.

Siku ya kuruhusiwa Yasinta alikuwa na swali lililomkaa kooni. Alimngoja Daktari Ritha mlangoni.

"Daktari, zile safari nyingine zote. Alikuwa akikohoa nampa dawa, anapona. Kama dawa zangu zilikuwa zinawasomesha wadudu tu, alikuwa anapona na nini?"

"Mafua mengi ya watoto yanaletwa na virusi, mama. Hao ni wengine kabisa, antibayotiki haiwagusi. Ya pinki haiwagusi, na hata ile tuliyoificha haiwagusi."

"Kwa hiyo alikuwa anaponywa na nini?"

"Alikuwa anapona mwenyewe."

Yasinta alimtazama. Kisahani alikiona kwa macho yake, hakikuwa na ubishi. Hili nani atamwonyesha?

"Akipata mafua tena mpeleke akapimwe kifua," daktari alisema. "Wakikwambia ni mafua tu, mpe maji, mpe maziwa, mfute kamasi, halafu mtazame. Akipumua haraka, kifua kikibonyea, akigoma kunywa, akilegea, usingoje kitu, mlete mbio. Yasipotokea hayo, endelea kumtazama."

"Nimtazame tu?"

"Tu. Hakuna mama anayelipenda hilo."

Yasinta alirudi Mkonze, akazikusanya chupa zote za kwenye mchanga, akazipeleka hospitalini zikateketezwe huko. Uani hawakumpokea kwa matarumbeta. Mama mmoja aliyekuwa amezoea vijiko vya bure alisema daktari wa ua amerudi na maringo ya wodini, na kwa wiki nzima akajifanya haoni watu bombani. Yasinta alieleza habari ya kisahani kwa kila aliyetaka na asiyetaka kusikia. Baadhi walishika vichwa. Baadhi walisema ndiyo, ni kweli, mwili unazoea. Aliwaeleza upya.

Mafua yalirudi mwezi wa tisa, wakati wa joto na ukame. Loisi aliamka puani kumeziba, anakohoa, paji la uso lina moto. Yasinta alimbeba mpaka zahanati kabla hata hajanywa chai. Mganga alisikiliza mgongo kwa muda mrefu, akatazama kifua na koo. Mapafu safi, alisema. Ni mafua. Nendeni nyumbani.

"Una uhakika?" Ludovick aliuliza kwenye simu, boza linanguruma nyuma yake.

"Sina," Yasinta alisema. "Lakini namtazama."

Kesho yake kamasi ziligeuka njano. Watu wasiojua wanaweza kucheka, lakini rangi ile ilimpiga Yasinta kama kofi. Njano ndiyo iliyokuwa saa yake ya kuinuka na kutikisa chupa, miaka yote. Bi Mwanasha alikuja na bakuli la zabibu alizonunua njiani kwa wakulima wa Mpunguzi, akamwona mtoto, akaliweka bakuli chini.

"Mwanangu, mimi nilikiona kifua kile. Mpe hata nusu kijiko. Niende dukani?"

"Bi Mwanasha, hapana."

"Nusu tu, utulie moyo."

"Moyo utakaotulia ni wangu," Yasinta alisema, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Yeye hiyo nusu haitamsaidia kitu. Kaa hapa nami. Nikikaa peke yangu nitakwenda dukani mwenyewe."

Bi Mwanasha akakaa. Walimlaza Loisi kwenye mkeka kivulini, wakamvua shati, na wanawake wawili wazima, adhuhuri, kazi zao zinawangoja, wakakitazama kifua cha mtoto. Kilipanda na kushuka. Ngozi ya chini ya mbavu ilikaa laini, haikubonyea. Wakamwinua, akanywa maji, akanywa maziwa kwa kusuasua, akapiga chafya na kuwalowesha wote wawili. Wakamfuta, wakamlaza tena.

Yasinta aliweka kiganja mgongoni mwake. Joto lile alikuwa amelichukia siku zote, akilihesabu kuwa ndio ugonjwa wenyewe. Sasa alilisikiliza. Ndani ya kile kimgongo, bila kelele, bila mtu kuamuru, kazi ilikuwa inafanyika. Nani aliyeianzisha? Si yeye. Nani aliyekuwa anaisimamia? Mtoto mwenyewe hajui hata kuvaa kandambili, kila siku anazivaa kushoto kulia. Lakini mwili wake ulijua jambo ambalo Yasinta hakulijua, na daktari hakulifanya, na duka haliliuzi. Alijisikia kama mtu aliyekaa mlangoni mwa chumba asichoruhusiwa kuingia, akisikia watu wanafanya kazi ndani.

Jua lilipoanza kuinama, jasho lilimtoka Loisi kwenye shingo, kisha kwenye paji, kisha mwili mzima, kanga ikalowa. Akageuka ubavu. Akalala usingizi mzito, mdomo wazi, anakoroma kwa mafua. Walimtazama hivyo hivyo, hakuna aliyeinuka hata kwenda kuinjika chai. Na kabla watu wa makazini hawajaanza kurudi, alifumbua macho, akakaa mwenyewe, akaliona bakuli la zabibu na kulivuta.

Bi Mwanasha alimgusa paji la uso. Akamgusa shingo. Akarudia paji.

"Amepoa. Umempa nini?"

"Ulikuwepo, Bi Mwanasha. Sijampa kitu."

"Asubuhi hukumpa kitu?"

"Maji na maziwa."

"Subhanallah," Bi Mwanasha alisema, polepole, mkono umebaki hewani. Ungeona usoni mwake kwamba yuko Kondoa, anawapitia mmoja mmoja watoto aliowalea na wajukuu waliofuata, kila mmoja na kikohozi chake. "Basi hata wale wangu..."

"Hata wale wako," Yasinta alisema. "Walikuwa wanapona wenyewe, na sisi tulikuwa tunaishukuru chupa."

Loisi hakuwa na habari nao. Alitema mbegu ya zabibu kwenye kanga ya Bi Mwanasha, akajifuta kamasi kwa mkono mzima mpaka sikioni, akateremka kwenye mkeka kwenda kuwatafuta kuku. Wao walibaki wamekaa, hawana la kufanya, wakimwangalia anavyopumua.